Subaru: nyota sita, injini iliyolala, na kazi yake chini ya boneti

Kilimia ni kile kishada cha nyota kilichoingia hadi kwenye methali: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wajapani wana jina lao la kishada hichohicho. Wanakiita Subaru, neno lenye maana ya kukusanyika pamoja. Ile nembo ya nyota kwenye pua ya gari ni kilimia hasa, na nyota zake zimepangwa kwa hesabu: moja kubwa, tano ndogo.

Hesabu hiyo inatoka kwenye kiwanda cha ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha kazi ya kuunda ndege huko Ota, mkoa wa Gunma. Kufikia Vita ya Pili ya Dunia kampuni yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za ndege nchini Japani. Ndiyo iliyounda Ki-43 Hayabusa na injini ya Sakae, ile iliyosukuma pia ndege za Zero. Vita ilipokwisha, Japani ilikatazwa kuunda ndege. Mafundi wakabaki na mashine, bati, na magurudumu ya mkiani yasiyo na ndege, na magurudumu hayo yakaingia kwenye skuta iitwayo Rabbit, mwaka 1946. Kampuni ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 ikazaliwa Fuji Heavy Industries, na vipande vitano vikaunganishwa ndani yake. Hizo ndizo nyota tano ndogo, na ile kubwa ni mama yao mpya. Kenji Kita, aliyeiongoza, ndiye aliyechagua jina Subaru kwa gari la kwanza la majaribio, P-1 au Subaru 1500 la mwaka 1954. Yaliundwa machache tu, wala hayakufika sokoni.

Lililofika sokoni ni Subaru 360 la mwaka 1958. Kagari kadogo kenye injini nyuma, silinda mbili, mipigo miwili, sentimita za ujazo 356, nguvu farasi 16, uzito chini ya kilo 400. Wajapani walikabandika jina la tentomushi, yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa. Shinroku Momose, mhandisi aliyetoka upande wa injini za ndege, alijenga bodi yake kwa fikra za ndege: bodi ijibebe yenyewe bila fremu, bati liwe jembamba, kila gramu iwe na kazi. Kule Japani kagari hako kanapendwa mpaka leo. Marekani kalipofika mwaka 1968 kalichekwa, maana barabara zao kubwa na injini ndogo kiasi hicho haviendani.

Maamuzi mawili yaliyoizaa Subaru tunayoijua

Mtu akitaka kuelewa kwa nini Subaru ya leo ina sifa zake na maradhi yake, aanzie miaka miwili: 1966 na 1972. Mengine yote ni matawi.

Mwaka 1966 lilitoka Subaru 1000, la kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele, na ndani yake injini ya boksa: silinda nne zimelala ubavu, mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zinatazamana. Injini ya namna hiyo ni fupi kwa urefu na iko chini. Kwa sababu ni fupi, unaweza kuiweka mbele ya ekseli ya mbele, gia boksi ikafuata nyuma yake katikati kabisa ya gari, na shafti za kushoto na kulia zikawa na urefu sawa. Ukilitazama kutoka chini, gari limegawanyika nusu kwa nusu kama samaki aliyepasuliwa.

Mwaka 1972 likaja la pili, na kwa kweli lilikuwa karibu limeshajifanya. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, ilitaka gari la kupandisha mafundi wake milimani ambalo halina baridi na mtikisiko wa Jeep. Gia boksi ya Subaru ilikuwa tayari imelala kwa urefu wa gari, ikitazama nyuma. Kilichobaki ni kuichomoza shafti kutoka mkiani mwake, kuipeleka kwenye difu (kigawa nguvu cha ekseli) ya nyuma, na kazi imekwisha. Leone Estate Van 4WD likawa gari la abiria la kwanza la Japani la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne kuundwa kwa wingi. Watengenezaji wengine ambao injini zao zimekaa kwa upana wa gari hulazimika kugeuza nguvu pembe mraba ili ifike nyuma. Subaru haigeuzi chochote, inanyoosha tu.

Legacy ya mwaka 1989 ndiyo iliyoleta injini za familia ya EJ, ambazo wengi wetu tumezijua kwa miaka thelathini. Kabla haijaanza kuuzwa, Legacy ziliendeshwa Arizona usiku na mchana mwezi Januari mwaka huo hadi zikamaliza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa, rekodi ya dunia wakati huo. Impreza ikafuata mwaka 1992, na hapo ndipo rangi ya buluu yenye rimu za dhahabu ilipoanza kuvuma. Colin McRae akawa bingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Ubingwa wa watengenezaji ulikwenda Subaru mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Kwenye Safari Rally, Kenneth Eriksson alishinda 1997 na Burns 2000. Ila mimi naona ajabu kubwa zaidi ni ya mwaka 1993: Patrick Njiru alimaliza Safari nafasi ya 12 akiwa na Vivio, kagari ka sentimita za ujazo 660 tu. Mwishoni mwa 2008 Subaru ikajitoa kwenye ubingwa wa dunia.

Kuhusu umiliki, General Motors ilishika hisa kuanzia 1999, ikaziachia 2005, na Toyota ikaingia na kuongeza kidogo kidogo. Tunda lake mashuhuri ni BRZ ya 2012, ndugu pacha wa Toyota 86. Mwaka huohuo Subaru iliacha kuunda vigari vyake vidogo, vikawa vya Daihatsu vilivyobandikwa nembo. Aprili 2017 kampuni nzima ikabadili jina na kuwa Subaru Corporation. Kwa mnunuzi hili lina maana moja ya vitendo: si kila chenye nyota sita kina boksa. Trezia ni Toyota Ractis. Dex ni ya Daihatsu. Ni magari mazuri, lakini ushauri unaofuata hauyahusu.

Linavyojisikia barabarani

Uzito uko chini, kwa hiyo gari halilali kwenye kona kama gari jingine la kimo kilekile. Forester ina umbo la kabati lakini ukiliingiza kwenye kona yenye changarawe linakaa kama gari fupi. Kwenye tope na mvua linakwenda bila makelele, na dereva hahitaji kubonyeza chochote. Hiyo ndiyo sifa wanayoitaja wenye nayo karibu wote, na ni ya kweli.

Lawama zao nazo ni za kweli. Linakunywa mafuta kuliko wenzake wa ukubwa huo, kwa sababu linazungusha shafti, difu na klachi za ziada kila mita. Injini ndogo chini ya bodi nzito ni adhabu: Impreza ya lita 1.5 ya magurudumu manne inapanda kilima kwa kunung'unika. Vioo vya milango visivyo na fremu, walivyovishikilia mpaka kizazi kilichokwisha karibu na 2008, vinapendeza ukifungua mlango, lakini mpira wake ukichoka upepo unapiga mluzi. Na kuna ule mngurumo wa "burbur" wanaoulipia watu. Siri yake ni bomba za ekzosi zenye urefu usiolingana kati ya kulia na kushoto. Moshi wa upande mmoja unachelewa, midundo inabanana. Legacy za turbo za soko la Japani za kuanzia 2003 zilipopewa bomba zinazolingana, mngurumo ukayeyuka na injini ikapumua vizuri zaidi. Chagua unachokipenda.

Mwenye kutaka utulivu usio na mngurumo atazame Outback yenye silinda sita, EZ30. Inatumia cheni badala ya mkanda na ina ulaini wa hariri. Kituo cha mafuta ndicho kitakachokujua kwa jina.

Matairi kwanza, mengine baadaye

Ukiniuliza ni kosa gani moja linaloua Subaru nyingi zilizo nzima, sitasema gasketi. Nitasema matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyochakaa nyuma.

Tairi lililokwisha meno ni dogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Magurudumu ya mbele na nyuma yakizunguka kwa kasi tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka, tofauti hiyo lazima imezwe na kitu, na kitu hicho ni klachi iliyo mkiani mwa gia boksi (kwa otomatiki) au kiungo cha silikoni (kwa manyuo, yaani gia za kubadilisha kwa mkono). Kinasuguana, kinapata joto, kinaungua. Subaru yenyewe inataka mzingo wa matairi yote manne, yaani urefu wa kuyazunguka, usipishane zaidi ya milimita 6.4. Ukigawanya kwa mara mbili ya pai unapata tofauti ya kina cha meno ya takribani milimita moja tu. Kwa hiyo: matairi manne ya aina moja, ukubwa mmoja, yazungushwe mbele na nyuma kila kilomita 10,000 hivi, upepo sawa. Anayenunua mawili mawili anajiwekea deni.

Dalili ya klachi iliyokwama ni rahisi kuipima. Gari likishapata joto, nenda kwenye sehemu pana yenye lami, kunja usukani mpaka mwisho, liache litembee taratibu bila kukanyaga mafuta. Gari zima litazunguka kwa ulaini. Gari gonjwa litashtukashtuka na kujishika kama mtu amevuta breki ya mkono.

Ukilikuta hivyo kwenye otomatiki ya gia nne, fungua boneti utafute kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele). Kikiwa kitupu, gari liko kwenye magurudumu manne. Chomeka fyuzi, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na umeme utaiamuru solenoidi, ile vali ya umeme, iachie klachi ya nyuma. Rudia kuzunguka. Kushtuka kukiisha, klachi bado inaachia, kwa hiyo anza na matairi na mafuta ya gia boksi. Kushtuka kukibaki palepale, solenoidi imekufa au klachi zimegandana, na ni kazi ya kufungua mkia wa gia boksi. Unaweza kuufungua bila kushusha gia boksi nzima, usikubali bili ya zaidi ya hapo. Fyuzi hiyohiyo ndiyo ya kuchomeka kabla ya kutembelea tairi dogo la akiba. Legacy za turbo na za silinda sita zenye mfumo wa VTD, ule unaogawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, hazina kishikio hicho, usihangaike kukitafuta.

Na likiharibika njiani, lipakiwe juu ya gari la kubebea, magurudumu yote manne hewani. Kuvutwa kwa kuinuliwa upande mmoja ni njia ya haraka ya kuchoma klachi hizohizo.

Nati tatu chini ya tumbo

Lala chini ya Forester au Legacy ya otomatiki. Mbele, chini ya injini, kuna nati ya kumwagia oili ya injini. Nyuma yake kuna mbili zaidi: moja ya difu ya mbele, ambayo imo ndani ya gehazi (kasha la chuma) ileile ya gia boksi lakini ina mafuta yake peke yake, na moja ya mafuta ya otomatiki. Nati ya injini na ya otomatiki zote hufunguliwa kwa soketi ya 17. Ya difu kwenye magari mengi ni ya nyota, T70.

Fundi mwenye haraka anafungua ile isiyo yake. Anamwaga mafuta ya gia boksi, anafunga, anakwenda juu kumimina lita nne za oili mpya kwenye injini ambayo haikumwagwa hata tone. Gari linaondoka na injini iliyojaa mara mbili na gia boksi tupu. Siku hiyohiyo vinakufa viwili. Kinga yake: kabla ya kufungua, fuata kwa mkono nati ipo kwenye sampu (bakuli la mafuta) ipi. Kikitoka kitu chekundu au chepesi mno, funga upesi. Kikinuka kama yai viza, hiyo ni oili ya difu, GL-5, funga pia.

Vipimo: difu ya mbele ya otomatiki hula takribani lita 1.2 za 75W-90 GL-5, na ina kijiti chake cha kupimia, kifupi, upande wa kulia wa gia boksi. Watu wengi hawajui hata kama kipo. Difu ya nyuma lita 0.8. Manyuo ya gia tano hushirikiana oili na difu ya mbele, lita 3.5 za GL-5 hiyohiyo. Otomatiki za kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 zina filta ya nje ya kuzungusha, imefichwa upande wa kushoto karibu na betri. Inafanana mno na filta ya oili ya injini lakini si moja, usizibadilishane.

Kijiti cha oili ya injini ya EJ nacho kina tabia. Oili hurudi kwenye sampu polepole kwa kuwa injini imelala, na kijiti kinajipaka kwenye ukuta wa bomba lake. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare. Pande mbili za kijiti zikisoma tofauti, amini iliyo chini.

Mkanda wa taimingi wa EJ

Mkanda huu ndio unaofunga pamoja krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Ubadilishe kila kilomita 100,000. Usivuke. Injini karibu zote za EJ za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ni za valvu kugonga pistoni mkanda ukikatika, na kubadilisha valvu kumi na sita ni kazi ya kutoa injini.

Tena mara nyingi anayeanza kufa si mkanda. Ni rola au tenshena, yaani kikaza mkanda. Ndiyo maana unanunua seti: mkanda, tenshena ya haidroliki, rola zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji kwa kuwa mkanda huohuo ndiyo unaoizungusha. Weka na sili za mbele za krenki na kamshafti ukiona unyevu. Ukiwa hapo, pampu ya oili ikiwa wazi, kagua skrubu za bamba lake la nyuma. Hulegea zenyewe na presha ya oili hupungua bila mtu kujua chanzo.

Sasa alama, na hapa ndipo valvu hupindwa. Gia ya krenki ina mshale usoni unaovutia macho. Mshale huo si alama ya kufungia mkanda. Alama yenyewe ni mstari mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia, kwenye jino moja la kihisi, nayo husimamishwa juu kabisa, saa sita kamili, ielekeane na alama ya gehazi. Mstari ukiwa hapo pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, hakuna iliyo juu, kwa hiyo kamshafti ikiruka ghafla hakuna kinachogongana. Ukitumia mshale, pistoni ya kwanza iko juu kabisa na unazungusha kamshafti juu ya kichwa chake. Kwenye injini za kamshafti nne, upande wa kushoto una springi zinazosukuma; kamshafti zake mbili zikizungushwa ovyo, valvu hugongana zenyewe kwa zenyewe hata bila pistoni.

Tenshena ibanwe kwenye jiliwa ikiwa wima, polepole, kwa dakika tatu au zaidi, kisha ipenyezwe pini. Ukiibana kwa pupa sili ya ndani hupasuka na itakuja kugonga baada ya mwezi. Gari la manyuo lina kibati cha kuongoza mkanda mbele ya gia ya krenki: acha nafasi ya milimita moja hivi, ukibanisha kinakula mkanda. Ukimaliza, chomoa pini, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili mizima, uangalie alama zote upya. Mikono ikikwama usilazimishe.

Gasketi

Sifa mbaya ya gasketi ya hedi, lile bamba la kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, ni ya EJ25 (ya lita 2.5) isiyo na turbo hasa, si ya Subaru zote. EJ20 (ya lita 2.0) isiyo na turbo huenda mbali sana bila kuguswa ikiwa haijawahi kuchemka.

Kuna maradhi mawili tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha. EJ25 ya mwanzo, yenye kamshafti nne, huvuja ndani: moshi wa silinda hupenya kwenye maji. Dalili ni mapovu kwenye chupa ya akiba, maji kunuka moshi, sindano ya joto kupanda ukiwa safari ndefu au mlimani, na hita kutoa baridi ghafla. Ukiwa mjini inaweza kukaa kimya kabisa, ndiyo maana huuzwa kirahisi. EJ25 ya baadaye, ya kamshafti mbili, huvuja nje: oili au kulanti (maji ya kupoza injini) hutiririka polepole kwenye ukingo wa chini wa hedi. Hiyo inakupa muda.

Sababu? Hedi imelala ubavu, kwa hiyo kulanti na oili hukaa juu ya ukingo wa gasketi saa zote, hata gari likiwa limezimwa. Silinda za lita 2.5 ni pana na nafasi kati yake ni finyu. Na gasketi ya kiwandani ilikuwa bamba moja lililopakwa, ambalo upako wake huchanika aluminiamu inapotanuka na kusinyaa. Tiba inayodumu ni gasketi ya chuma ya matabaka kadhaa, zile zinazotumika kwenye EJ25 za turbo, hedi ikapimwa unyoofu na kusawazishwa kwa mashine ikizidi kupinda milimita 0.05. Bolti hukazwa, zikalegezwa kabisa, kisha zikakazwa upya kwa hatua na kumaliziwa kwa nyuzi za pembe kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema. Anayekaza kwa kuhisi mkono atairudia.

Kisha maji. Tumia thamostati ya Subaru yenyewe. Iko chini, mahali maji yanapoingia pampuni, na ni kubwa kuliko nyingi za bandia zinazoingia tundu hilo hilo. Hufunguka kuanzia nyuzi 76 hadi 80. Jaza kulanti taratibu mno, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, ile skrubu ya plastiki juu ya rejeta upande wa pili wa mfuniko ikiwa wazi mpaka maji yatokeze bila povu. Hita weka moto kabisa. Acha feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa iliyobaki ndani imechemsha injini nyingi ambazo gasketi yake ilikuwa nzima, fundi akafungua hedi bure.

Tapeti (nafasi za valvu) nazo zisisahaulike: EJ nyingi za kamshafti mbili hupangwa kwa skrubu, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 za kutoa, injini ikiwa baridi.

Turbo, kwa ufupi

Oili kila kilomita 5,000, bila mjadala. Kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo, nyuma ya hedi ya kulia. Oili chafu hukiziba, turbo hukauka na kufa, na anayeweka turbo mpya bila kukigusa kichujio hicho ataiua na hiyo. EJ25 za turbo zina udhaifu wa pistoni kuvunjika kuta za ringi, hasa zikiongezwa presha na petroli hafifu. Legacy za turbo mbili za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 zina mtandao wa mipira ya vakyumu unaotisha; ukiona nguvu inazama katikati ya kasi kisha inarudi, kiasi fulani ni maumbile yake, kupita hapo ni mpira uliopasuka.

FB na CVT

Kuanzia 2010 familia ya FB ikaanza kuirithi EJ: cheni badala ya mkanda, filta ya oili juu ya injini mahali pa kufikika bila kulala chini, na ule ugonjwa wa gasketi ukapungua mno. Za miaka ya mwanzo zilikuja na lake, kula oili kupitia ringi za pistoni. Ni nyepesi kupima: jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 2,000, soma tena.

CVT yao (otomatiki isiyo na gia za ngazi), Lineartronic, iliingia na Legacy ya 2009, ikitumia cheni ya chuma. Usiwasikilize wanaosema mafuta yake ni ya maisha. Badilisha, tumia yaliyotajwa kwa modeli hiyo, na pima kiwango mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwa inawaka. Ikianza kutetema ukiwa unasimama taratibu, au gari kutaka kuzimika kwenye taa, tazama kwanza solenoidi za mwili wa valvu kabla ya kukubali gia boksi nyingine.

Ukienda kukagua la kununua

Fika kabla halijawashwa. Weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Likiwashwa baridi, EJ nyingi hugongagonga kwa sauti ya kikavu, tok-tok-tok, kwa sababu sketi za pistoni ni fupi. Ikinyamaza ndani ya dakika chache injini ikipata joto, hiyo ni tabia tu. Ikizidi joto linavyopanda, hiyo ni beringi ya konrodi, aga uondoke.

Chungulia chini upande wa bomba la ekzosi. Buti la ndani la shafti ya mbele hupikwa na joto, likipasuka grisi hudondokea ekzosi na gari zima hunuka kuungua. Si ghali, lakini ni pa kushushia bei. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa sikiliza nyuma: mvumo unaopanda na kasi na kubadilika ukikunja ni beringi ya gurudumu, kilema cha kawaida cha Forester za vizazi viwili vya kwanza. Forester iliyokalia mkia mara nyingi ina shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe, zimekwisha. Ukiziondoa na kuweka za kawaida, badilisha springi pia, maana zile za mwanzo ni laini kwa makusudi na gari litaendelea kukaa chini na shokapu mpya.